Siku ya Kuonyesha Ng'ombe wa Mfuko

Tulikuwa tumeshaiacha Manyamanyama, pale Bunda, nyuma yetu, ng'ombe wamekwishashika mwendo wao kando ya lami, Mama Euphrasia alipotukimbilia na chupa ya chai.

"Shija," akaniambia huku anahema, "umri huo halafu unakwenda Butiama kwa miguu na tumbo tupu. Utatuletea msiba wa kujitakia."

Nikaipokea chupa bila kusimama. Mimi nikishaanza safari sisimamagi, hata kwa chai. Ndio maana yeye akalazimika kukimbia.

"Na baba Gloria mwambie asimpige yule wa mbele," akasema. "Mwambie hivyo tu, yeye anajua."

Baba Gloria ni mumewe, Yakobo Makoye, aliyekuwa mbele na fimbo begani. Wa mbele ni ng'ombe mmoja mwekundu, anang'aa kama kapakwa mafuta, kengele shingoni. Nilimtazama tangu tulipotoka nikaona ni mtamba, hajazaa bado. Nikasema moyoni, labda kengele kairithi kwa mama yake. Kwetu mtu haulizwi habari za ng'ombe wake, wala wale aliowekewa. Nikanywa chai yangu.

Ng'ombe hao hawakuwa wa Yakobo, wala wa wale wenzake wa Bunda tuliokuwa nao njiani. Kwa maneno yao walikuwa ng'ombe wa chuo kikuu. Nijuavyo mimi hakuna chuo kingine chenye jambo hili, na nimetembea sana. Shule nimeisoma vipande vipande: madarasa mawili Shinyanga, moja na nusu Tarime, na mengine jioni kwa masista pale Musoma nikiwa na ndevu tayari. Nimevua samaki, nimechimba dhahabu, nimeuza mitumba hadi Kisumu. Lakini jambo hili la ng'ombe nimelishuhudia tangu siku ya kwanza, kwa hiyo nitalieleza kama lilivyokuwa.

Chuo Kikuu cha Nyakisongo, huko juu kwenye vilima vya Butiama, kilianza kama chuo kidogo cha kilimo chenye madarasa ya bati. Mwaka kilipopewa hadhi ya chuo kikuu, Mzee Magesa, mfugaji wa hapo jirani, alimkuta msichana kituoni amekaa juu ya sanduku lake. Msichana mwenyewe aliitwa Hana, wa Ukerewe. Mjomba aliyekuwa anamsomesha alikuwa amefariki, naye alikuwa anasubiri gari arudi kwao.

"Unarudi kufanya nini?" Mzee Magesa akamwuliza.

"Kukaa," akajibu Hana.

"Kukaa hata hapa unaweza. Ningoje."

Mzee hakuwa mtu wa pesa. Alikwenda zizini, akamtoa jike mmoja, akamfunga kwenye mlingoti wa bendera mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo. Mkuu akatoka na tai yake akauliza, huyu tumfanyeje? Mzee Magesa akamwambia: "Mwekeni kwa mtu. Akizaa dume uzeni, huyu binti asome. Akizaa jike mwekeni kwa mtu mwingine." Mkuu alikuwa mtu wa huku huku, akaelewa. Hana akarudishwa darasani siku ile ile, ng'ombe hata hajapata mimba. Nami nilikuwa napita tu, natafuta kibarua, nikaambiwa nimfungue ng'ombe kwenye mlingoti nimpeleke Bunda, kwa baba yake Yakobo. Hiyo ndiyo ofisi ya kwanza ya Mfuko wa Hisani wa Chuo: samadi chini ya bendera. Nikipita pale leo nasimama kidogo natazama.

Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawafugi wote kwake. Anawaweka kwa watu. Aliyewekewa anakunywa maziwa, anachukua samadi, na ndama mmoja mmoja anapewa kwa shukrani. Mfuko ukafuata njia hiyo hiyo. Watu wakasikia, mmoja akaleta jike, mwingine akaleta. Waliosoma kwa ng'ombe hao wakipata kazi nao wanaleta. Bweni la wasichana limejengwa na Mfuko, na tangi la maji, na ile kliniki ya mifugo ambako wanafunzi wanatibu ng'ombe wa vijijini bure. Kuna jambo moja napenda sana kulisema. Mtoto wa anayemtunza ng'ombe hasomeshwi na ng'ombe huyo. Akifika chuo anasomeshwa na ng'ombe wa boma lingine. Kwa hiyo mtu wa Bunda anamsomesha mtoto wa Rorya ambaye hajawahi kumwona, na huko Rorya yuko mtu anamkatia majani ng'ombe kwa ajili ya mtoto wa Bunda.

Sasa, mwaka huo ninaousema, Baraza la Chuo lilikuwa jipya. Wengi walitoka mbali. Wakasoma taarifa, wakakuta maneno "mifugo iliyoko kwa wananchi". Mwenyekiti akauliza wananchi gani, iko wapi, nani kaiona. Akasema hiyo ni hadithi ya wazee. Likapitishwa azimio: siku ya sherehe za Mfuko ng'ombe waletwe uwanjani waonekane kwa macho. Wasipoonekana, Mfuko ufungwe, kazi zake zihamie ofisi nyingine ya chuo.

Mratibu wa Mfuko alikuwa Prudence. Huyu ni mtoto wa Nyasho, mjini Musoma, mama yake Consolata alikuwa anauza dagaa pale sokoni, na amesoma kwa ndama za Ada, yule ng'ombe aliyeko kwa Yakobo. Ada ni mjukuu wa ng'ombe wa mlingotini. Prudence alizunguka mwenyewe maboma yote kuomba ng'ombe waletwe. Alifika Bunda giza limeingia, viatu vimeisha soli, na Ada anamjua kwa jina na kengele tu.

"Babu Shija," aliniambia siku hiyo, "wakifunga Mfuko, wale walioko mwaka wa pili nitawaambia nini? Kwamba warudi wakakae?"

"Hawatafunga."

"Unajuaje?"

"Sijui. Nasema tu ule chakula."

Yakobo alikuwa anasikia. Euphrasia naye. Niliona wanatazamana. Mvua zilikuwa zimechelewa, Oktoba nzima ardhi imekauka, na majani yaliyobaki yalikuwa ya kuezekea tu.

Basi, siku ya safari tulilala njiani kwa jamaa, kesho yake tukafika Kiabakari. Hapo ndipo Mama Mbuke alipotukuta akitokea Bweri, kule Musoma. Mama Mbuke ni mjane, anafuga ng'ombe mmoja tu wa Mfuko nyuma ya nyumba, katikati ya majumba mapya yanayoota kule kila siku. Alikuwa anamvuta kwa kamba. Mbavu za ng'ombe huyo ungeweza kuzigusa moja moja ukiwa umefumba macho.

"Mama Mbuke," wakamwambia wale wa Bunda, "huyo umemleta ng'ombe au umeleta ngozi, nyama inakuja na basi?"

"Cheka," akasema. "Bweri hakuna malisho, kuna matofali."

"Ungempa hata mashudu wiki moja."

"Mashudu ya nani? Nyie wa pamba mnakaa karibu na kiwanda mnaona mashudu yanaota."

Yakobo hakucheka. Alimtazama yule ng'ombe aliyekonda, akamtazama Mama Mbuke, akasema taratibu, "Mama, umethubutu." Sikumwelewa. Nilidhani anamsifu kwa kutembea.

Uwanja ulikuwa ule wa mpira wa chuo. Wanafunzi wamejaa, viti vya plastiki na maturubai, spika zinapiga ngoma. Ng'ombe walipoingia na kengele zao, vumbi likapanda, wanafunzi wakasimama wote. Sijui kama mtu wa mjini anaweza kuelewa. Ng'ombe wazuri, wekundu, weusi, wa madoa, wamenona katikati ya kiangazi, wanatembea mbele ya wasomi kama vile wao ndio wanaohitimu. Baadhi ya watoto walikuwa wanawaita kwa majina, maana kila mwanafunzi anaambiwa jina la ng'ombe wake. Nilijikuta nimevua kofia.

Prudence akashika kipaza sauti. Aliongea vizuri. Alimtaja Mzee Magesa, alimtaja Hana, akafika kwa mtamba mwekundu wa Yakobo, akamwekea mkono mgongoni.

"Huyu mnayemwona hapa anaitwa Ada," akasema. "Amezaa mara saba. Kwa ndama zake wamesoma mwalimu mmoja, wauguzi wawili, na mimi."

Watu wakapiga makofi. Ila nikaona upande wa wafugaji makofi hayakutoka. Wale wa Bunda walikuwa wanatazama chini.

Kati ya wajumbe wa Baraza alikuwako Dkt. Machage, daktari wa mifugo, Mkurya wa mwili mkubwa, suti kamili na viatu vyeusi ndani ya samadi. Akasogea. Akamzunguka yule ng'ombe, akainama, akatazama chini ya tumbo, akasimama tena.

"Bi. Prudence, samahani. Umesema kazaa mara ngapi?"

"Mara saba, Daktari."

"Kwa mdomo?"

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza mmoja mmoja jinsi walivyokuwa wanaelewa.

"Huyu ni mtamba," Dkt. Machage akasema. "Chuchu hizi hazijanyonywa hata na inzi." Akaenda kwa wa pili, akainama. Akaenda kwa wa tatu. "Huyu kazaa mara moja. Na kengele zao zimefungwa kwa kamba mpya, zote."

Prudence alikuwa bado ameshika kipaza sauti karibu na mdomo, hakujua, na pumzi zake zilikuwa zinasikika uwanja mzima. Mwenyekiti akalifunga jalada lake polepole, akasema, hakusema kwa hasira, "Basi. Tumeonyeshwa na tumeona." Akainuka.

Hapo Mfuko ulikuwa umekufa. Nasema kweli. Ng'ombe wa kuazima mbele ya Baraza, ungeeleza nini? Wasingeona kosa, wangeona wizi. Nikamtafuta Yakobo kwa macho, nikamwona anakuja katikati ya uwanja, kofia mkononi.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "huyo sio Ada."

"Hilo daktari ameshatuambia."

"Ada yuko nyumbani. Kengele ndio ya kwake. Nilimvua nikamvalisha huyu."

"Huyu ni wa nani?"

"Wa shemeji yangu."

"Ni wangu," sauti ikatoka nyuma ya turubai, "na ningeomba arudi leo, hajazoea kelele."

Kukawa na kicheko kidogo, cha uchungu. Kisha mwingine wa Bunda akainuka akasema, hata wa kwangu ni wa jirani. Na mwingine. Mmoja akasema wa kwake ni wa paroko. Prudence alikuwa anawatazama kama mtu anayetazama nyumba yake inabomolewa tofali kwa tofali na watu anaowapenda.

"Kwa nini?" akawauliza. Bila kipaza sauti. "Wazee wangu, kwa nini?"

Ni jambo ambalo huku kila mtu analijua, na ukiliweka kwenye maneno linaonekana la kitoto.

"Hakuna hata mmoja wa kweli?" mwenyekiti akauliza.

"Wangu," akasema Mama Mbuke.

Alikuwa golini, ng'ombe wake ameegemea nguzo ya goli. Alikuwa amemficha nyuma ya wenzake tangu asubuhi kwa aibu. "Wangu ni yeye mwenyewe," akasema. "Sikupata wa kuazima. Bweri nani ana ng'ombe?"

Dkt. Machage akaenda golini. Safari hii hakuinama haraka. Akazishika pembe akazipitishia vidole, akahesabu ile mikunjo ambayo kila uzazi unaiacha. Akamwuliza Mama Mbuke ng'ombe huyo kazaa mara ngapi, yeye akataja, na daktari akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaanza kucheka peke yake, tumbo linatikisika ndani ya suti.

"Mwenyekiti," akasema, "gari lina mafuta?"

Ndivyo tulivyokwenda Bunda, mchana ule ule, na jua kali. Mwenyekiti, daktari, Prudence, Yakobo na mimi. Mimi sikualikwa, niliingia tu. Gari likiwa linaondoka na mlango uko wazi mimi naingiaga. Prudence alikuwa dirishani, mikono mapajani, amekaa kama mtu anayepelekwa mahakamani.

Euphrasia alikuwa anasugua masufuria. Aliona gari la chuo, akaona mumewe anashuka, akaona suti mbili. Akainuka na masizi mikononi.

"Baba Gloria. Umewaleta watu bila taarifa, na ng'ombe yuko hivi?"

Ada alikuwa amelala kwenye kivuli nyuma ya nyumba. Mifupa ya nyonga imechongoka, ngozi imesinyaa, shingo tupu bila kengele. Pembeni yake ndama wa wiki chache, na huyo ndama alikuwa mnene, manyoya yamesimama vizuri. Chochote alichokula Ada kilikuwa kimepita kwake kikaenda kwa ndama. Mbele yake kulikuwa na beseni la mashudu. Kando ya ukuta walikuwako ng'ombe wawili wa Yakobo mwenyewe, wamekonda kumshinda Ada, na wao hawakuwa na beseni.

Dkt. Machage akapiga magoti kwenye samadi na suti yake. Akashika pembe, akatazama chuchu.

"Saba," akasema. "Huyu ndiye."

Mwenyekiti akamgeukia Euphrasia. "Mama, mimi sitoki huku. Nieleze. Ng'ombe wa kweli mnaye, ana ndama, mnamlisha kuliko wa kwenu. Mnamficha, mnaleta wa kuazima, mnakaribia kumfukuzisha kazi huyu binti. Kwa nini?"

Euphrasia alijifuta mikono kwenye khanga.

"Baba, ukikaa na mtoto wa mtu, siku wazazi wake wanakuja unamtoa na matambara?"

"Lakini ni kiangazi. Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua, ndiyo. Lakini ng'ombe sio wetu. Angekuwa wetu tungempeleka na mbavu zake hivyo hivyo, nani angetusema?" Akamtazama Prudence. "Huyu mwanangu alisema siku hiyo wataangaliwa na wakubwa. Tukaona tusimwaibishe."

Prudence akaketi chini, pale pale karibu na Ada, na nguo zake za sherehe.

"Mama," akasema, "mngeniambia."

"Tungekwambia nini? Kwamba ng'ombe wako amekonda? Utuulize tumemfanya nini?"

"Baba yangu kule Tarime," Dkt. Machage akasema, bado amepiga magoti, "alikuwa amewekewa ng'ombe wa rafiki yake. Siku mwenyewe anakuja kutembea, baba aliazima mbuzi, kuku na godoro. Godoro, mwenyekiti. Mwenye ng'ombe hata hakulala kwetu." Akajipangusa magoti, akashindwa, akaacha. "Nilipoona kamba mpya kwenye kengele zote nikajua ni wezi. Nilipoona ng'ombe wa yule mama golini nikajua nimefika nyumbani."

Euphrasia akaleta maziwa kwenye vikombe vya bati. Mwenyekiti akanywa akaongezewa. Akauliza boma linalofuata liko wapi.

Tukazunguka hadi jua likaanza kushuka. Kila boma ilikuwa vile vile: mwenyeji anaona gari anashika kichwa, ng'ombe wa Mfuko yuko nyuma amekonda, ana ndama au ana mimba, na amelishwa kuliko wa nyumbani. Kwingine wenye boma walikuwa bado Butiama, wake zao wakakataa kutufungulia zizi mpaka tukawapigia simu waume. Mmoja alimwambia mwenyekiti, "Rudi mvua zikinyesha, utamwona vizuri," akafunga mlango.

Kwenye boma la mwisho, karibu na Kiabakari, mwenyekiti alisimama akaegemea gari. Viatu vyake havikuwa na rangi tena.

"Bi. Prudence."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Azimio letu lilisema ng'ombe waonekane kwa macho."

"Ndiyo."

"Nimewaona. Mfuko unabaki kama ulivyo, na huo ndio msimamo nitakaoupeleka kwenye Baraza." Akafungua mlango, kisha akageuka. "Ila nyie msilete tena ng'ombe uwanjani. Sisi ndio tutakuja kwenye maboma. Na tutakuja baada ya mvua, ili watu wasisumbuke kuazima."

Prudence hakulia wala hakushangilia. Alisema asante, akaenda kwa mwenye boma, akampigia magoti kama unavyompigia baba yako, yule mzee akamshika kichwa. Mimi nimeona mengi. Nimeona dhahabu ikitoka ardhini. Nafikiri sijawahi kuona mahali nilipojivunia kuwa mtu wa huku kama pale kando ya lile gari.

Baraza lilikaa mwezi uliofuata na azimio la kufunga likafutwa. Tangu hapo wajumbe huzunguka maboma kila Mei. Prudence bado ni mratibu, ameolewa Musoma, ana mtoto mmoja. Mama yake, Consolata, ameacha kuuza dagaa, magoti yanamsumbua. Dkt. Machage alimaliza muda wake kwenye Baraza akarudi Tarime, akaweka majike wawili kwa Mfuko. Mwenyekiti alihamishiwa Dodoma. Hana ni mkuu wa shule Ukerewe. Mzee Magesa alikufa zamani, hakuona lolote kati ya haya. Mama Mbuke amehama Bweri, yuko Kiabakari palipo na malisho, na ng'ombe wake amezaa jike. Mtamba mwekundu alirudishwa kwa shemeji yake Yakobo siku ya pili, akauzwa mnadani Krismasi. Ada alizaa mara moja tena, akafa kwa uzee. Ndama yule aliyekuwa ananyonya anasomesha kijana wa Serengeti. Gloria, binti wa Yakobo na Euphrasia, yuko chuoni mwaka wa kwanza, anasomeshwa na ng'ombe wa boma asilolijua huko Rorya. Yakobo na Euphrasia wako Manyamanyama. Mimi kwa sasa niko Musoma, chumba cha kupanga, Nyasho.